Wageni hawaishi, mimi nimeishiwa

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mhasibu kwa kazi, na nimeolewa na mwanamume wa Papua New Guinea ambaye tulikutana masomoni Australia. Tunaishi Port Moresby, mtaa wa Gerehu, pamoja na binti yetu wa miaka minne. Mume wangu ni mtu wa Simbu, jimbo la milimani ambako watu huishi kwa viazi vitamu, nguruwe na kahawa. Yeye ni mhandisi wa barabara, nami humtania kwamba angeanza na ile ya kwao, kwa sababu mji mkuu huu haujaunganishwa kwa barabara na milima ya huko. Ndugu wanaokuja kwetu wengi hupanda ndege, na mtu aliyeuza magunia ya kahawa ili apate tiketi hawezi kuja kushinda na kurudi.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na kwa sasa tunalala humo watu kumi na mmoja. Yupo kijana anayesoma chuo kikuu pale Waigani, mtoto wa kaka mkubwa wa mume wangu, yule kaka ambaye ndiye aliyemsomesha mume wangu kwa fedha za kahawa. Yupo mwenzake wa chuo aliyekosa nafasi ya bweni. Yupo wifi yangu mdogo na mwanawe, ambaye aliletwa hospitali kuu kutibiwa na bado anahudhuria kliniki. Wapo vijana wawili wanaotafuta kazi, na wapo mzee mmoja na mkewe ambao hadi leo sijaelewa vizuri wanatuhusu vipi, ila mume wangu huwaita baba na mama, na huyo bibi ndiye anayemlaza binti yangu ninapochelewa kazini. Hapa mtu wa lugha yako huitwa wantok, na katika nchi yenye lugha zaidi ya 800, yule mnayesikilizana naye ni ndugu yako hata kama hamjawahi kuonana.

Mama, sikulelewa peke yangu. Nyumbani kwetu Makorora tulikula sinia moja watoto wa akina mama watatu, na mpaka leo siwezi kukuambia ni nani kati yetu alikuwa mgeni. Nilidhani maisha ya huku ningeyamudu bila shida. Lakini kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huku siku ya tatu mgeni ndiyo kwanza anafungua mizigo.

Mishahara hulipwa kila baada ya wiki mbili, na Ijumaa ya mshahara getini kwetu hapakosi watu wengine zaidi ya hao tunaolala nao. Hawaombi kwa maneno. Wanasalimia, wanaketi kwenye ngazi wakitafuna popoo kwa chokaa, wanazungumza habari za kijijini, na ikifika jioni mume wangu anaingia chumbani kutafuta pochi. Ngazi nilizozisugua asubuhi huwa nyekundu kwa mate usiku unapoingia.

Sitaki kuwaonea. Tarehe 10 Januari 2024, polisi walipogoma kwa sababu ya makato ya mishahara na maduka ya mji huu yakaporwa na kuchomwa moto, ni wale vijana wawili waliokesha getini na mapanga, na hakuna aliyetugusa. Mama mkwe naye akija kutoka milimani huja na bilum, ule mfuko wa kusuka ambao mkanda wake huvaliwa kichwani, umejaa viazi na matunda ya pasheni, wala hajawahi kunitamkia neno baya.

Lakini mwezi uliopita nilifungua akaunti tuliyokuwa tukiweka fedha za safari ya Tanga nikakuta imebaki kina 340, kina ikiwa ndiyo fedha ya huku. Kina 8,000 zilikuwa zimetolewa. Mume wangu aliniambia kwamba mtoto wa baba yake mdogo anaoa, mahari inakusanywa, na yeye akiwa mtu wa mshahara hawezi kuketi kimya. Hakuniambia mapema kwa sababu alijua ningekataa. Mama yangu mzazi anaanza kupoteza uwezo wa kuona, na mjukuu wake hajamwona ila kwenye simu. Nilimwuliza mume wangu, kwa hasira, ni lini ukoo wake umewahi kutuchangia sisi chochote. Akaniuliza kama nimewasahau wazee watatu waliosafirishwa hadi Tanga kuja kuniposa. Nikamjibu kwamba ile ilikuwa harusi, si msaada.

Sasa ofisi yangu imenipa nafasi ya kuhamia nyumba ya kampuni, ya vyumba viwili, ndani ya ukuta wenye walinzi, ambako wanaoruhusiwa kulala ni wale tu walioandikwa kwenye mkataba. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Mume wangu anasema akihamia huko atakuwa rabisman, yaani mwanamume asiye na thamani mbele ya watu wake, na kwamba niende nikitaka. Nampenda, na najua ananipenda. Je, nihame na binti yangu nimsubiri atufuate, au nibaki nikiendelea kupika sufuria za shughuli kila siku ya Mungu?

Mke wa Gerehu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako inasomeka kama ya mtu aliyeiandika baada ya kuosha vyombo vya watu kumi na mmoja, na nitajitahidi nisikuongezee mzigo mwingine wa mawaidha.

Nianze kwa kurudisha kwako nilichokielewa, ili unisahihishe. Una nyumba iliyojaa ndugu wa mumeo, na hilo limekuchosha. Una akaunti iliyotolewa fedha bila wewe kujua, na hilo limekuumiza. Kisha umepewa ufunguo wa nyumba nyingine, na ufunguo huo unaonekana kama jibu la yote mawili kwa pamoja. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu walinzi wa getini wanaweza kuwazuia watu wasilale sebuleni kwako, lakini hawawezi kumzuia mumeo asitoe fedha benki. Ukihama leo, shauri la usingizi na jiko litakuwa limepungua, na shauri la akaunti utakuwa umehama nalo.

Kwa hiyo niruhusu niyatenganishe, nami nitaanza na lile linalouma zaidi. Kwa kadiri ninavyoifahamu desturi ya nyanda za juu za Papua New Guinea, mwanamume anatarajiwa kuchangia mahari ya ndugu yake, na kutochangia ni aibu ya kukumbukwa. Sijawahi kusikia kwamba desturi hiyo inamtaka amfiche mkewe. Kufanya jambo kwa siri ni uamuzi wake yeye, na una haki ya kumwambia hivyo bila kuutaja ukoo hata mara moja. Ila amekueleza sababu yake: alijua ungekataa. Ningependa ujiulize, si kwa kujilaumu, kama katika miezi hii ya uchovu amebaki na nafasi yoyote ya kukuletea jambo la ndugu zake ambayo haiishii kwenye neno hapana. Na yeye ajiulize kama wewe umebaki na nafasi yoyote ya kusema hapana ambayo haitavukwa usiku kwa simu ya benki. Sijui ni swali lipi kati ya hayo lina uzito zaidi, na sina hakika kwamba lazima lijulikane.

Sasa nije kwenye sentensi uliyomjibu kwa hasira, kwamba ile ilikuwa harusi, si msaada. Mwanangu, kwa sisi tulio mbali sentensi hiyo ina mantiki kabisa. Kwa mtu wa Simbu huenda haina. Huko mahari haitoki mfukoni mwa bwana harusi. Hukusanywa kwa wengi, huyu nguruwe, yule fedha, na kila aliyetoa hukumbukwa, kwa sababu siku mwanawe atakapooa atatazama nani amesimama. Wazee watatu kutoka milimani hadi Tanga, tiketi zao, mahari waliyoibeba, zawadi walizowapa mama zako: je, umewahi kumwuliza mumeo nani alitoa nini? Sisemi kwamba huyo baba mdogo, ambaye mwanawe anaoa sasa, alikuwa mmoja wao au alitoa kwa ajili yenu. Sijui. Lakini ikiwa alitoa, basi zile kina 8,000 ambazo wewe umeziona kama fedha za safari yako zilizoibwa, mumeo ameziona kama deni la ndoa yako lililofika siku yake ya kulipwa. Inawezekana nyote wawili mnasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Vivyo hivyo kwa kijana wa Waigani. Umenieleza kwa nusu sentensi kwamba baba yake alimsomesha mumeo kwa kahawa, kisha ukaendelea na habari nyingine. Mimi nilisimama hapo. Kahawa ya milimani, nyingi, hulimwa na familia ndogo ndogo kwenye bustani zao na kuchumwa kwa mkono, na ada ya shule iliyotoka humo ni misimu mingi ya migongo ya watu. Kijana huyo, machoni pa watu wa Simbu, si mgeni. Analala kwenye kitanda ambacho baba yake alikilipia zamani.

Umenukuu msemo wetu wa jembe, nami naupenda, lakini hebu tuwapitie watu wako. Vijana wawili wamekesha na mapanga usiku ambao mji uliungua. Bibi usiyemjua sawasawa anamlaza binti yako, kazi ambayo Port Moresby, kama Dar es Salaam, mwenye mshahara huilipia fedha. Wanaoonekana kutoshika jembe lolote ni wale wa ngazini siku ya Ijumaa, na kwa kweli barua yako inabadilika sauti inapowafikia hao. Nahisi, na unaweza kunikatalia, kwamba umewaweka wote kapu moja kwa sababu wote wanakula sufuria moja. Mumeo hawahesabu hivyo. Ndani ya kichwa chake kila mmoja ana uzito wake, nani anamdai, nani anadaiwa, nani anajaribu bahati tu, na hesabu hiyo hajawahi kukuonyesha. Wewe ni mhasibu. Mwombe akusomee daftari lake, mtu kwa mtu, bila wewe kutoa hukumu usiku huo.

Yako mambo mengine ambayo hayaonekani ukiwa mjini. Sehemu kubwa sana ya ardhi ya Papua New Guinea ni mali ya koo, si ya serikali wala ya mtu mmoja mmoja, na nafasi ya mumeo huko kwao inalindwa na hao hao waliobaki. Mzee wa kijijini ambaye hakuwahi kuajiriwa hana pensheni ya kumtosha, na kijana asiye na kazi hana posho ya kungojea. Kazi hiyo inafanywa na wantok. Mtu akifa Port Moresby, hao wa ngazini ndio watakaoandaa kilio, wapike, wachange, na kuhakikisha jeneza limepanda ndege kwenda milimani. Sipendi kukuwazisha kifo, lakini uko mbali na Makorora, na ni haki yako kujua nani atakuja siku ya shida.

Hayo yote hayakufanyi uwe na makosa kwa kuchoka. Wenyeji wenyewe wanalalamika. Wenye maduka madogo wanajua jinsi biashara inavyokufa kwa mkopo wa ndugu usiolipwa, wenye mishahara wanajua ilivyo kufika Jumatatu mfuko ukiwa mtupu, na watu huko wanabishana hadharani kuhusu ofisi zinazoajiri kwa lugha badala ya sifa. Usidhani kwamba unaona tabu kwa sababu wewe ni mgeni.

Na kuna jambo moja ambalo watu wakisifu ukarimu hulisahau, huku kwetu na huko. Ukarimu una mpishi. Milimani Simbu jina la mwanamume limejengwa kwa nguruwe, na nguruwe hao wamelishwa viazi vilivyolimwa na mkewe. Ukikumbuka sinia la Makorora, kumbuka pia waliolipika: mama watatu, na pengine shangazi na wasichana wawili juu yao. Wewe uko peke yako na ajira ya kutwa. Ukisema nyumba imejaa, mumeo anasikia unawakataa watu wake. Pengine angekusikia vizuri zaidi ukimwambia kwamba jina lake zuri linapikwa na mtu mmoja ambaye hajalala. Wifi yako yumo ndani. Vijana wanne wazima wamo ndani. Sijui kama kwa desturi yao wavulana kushika mwiko mbele ya wazee ni jambo rahisi, na unaweza kukuta upinzani mahali usipotarajia, hata kwa wifi mwenyewe, lakini kufua, kuchota maji na kusugua hizo ngazi ni mahali pa kuanzia.

Tuje kwenye ufunguo. Ukihamia nyumba ya kampuni utapata usingizi, na nadhani unauhitaji kuliko unavyokiri. Binti yako atakuwa na chumba. Utaweza kuweka akiba upya. Lakini upime pia kwamba watu wa Ijumaa watajua mumeo anafanya kazi wapi, na watamngojea kwenye geti la ofisi badala ya geti la nyumba. Upime kwamba neno alilokuambia, rabisman, si la kukutisha tu. Kwa wanaume wa huko ni jeraha. Akihama akiwa amelazimishwa, anaweza kuja mwili na kubaki Gerehu kwa moyo wake wote, pamoja na mshahara. Na ukihama wewe na mtoto tu, hata kama kwako ni mapumziko, ukoo unaweza kulisoma kama kuvunjika kwa ndoa na kutuma wazee kuja kudai mtoto au maelezo. Muulize mumeo wangelisomaje. Yeye anajua, mimi nakisia.

Ukibaki, kuna nyumba ambazo hupanga kiasi fulani cha kila mshahara kiwe cha ukoo, kikiisha kimeisha, na kinatolewa kwa vitu zaidi kuliko fedha taslimu: gunia la mchele, tiketi ya kurudi, ada inayolipwa moja kwa moja shuleni. Hatari yake ni kwamba kiasi hicho kitavunjwa na kifo cha kwanza, na mtakapoanza tena mtahitaji uvumilivu ambao sasa hivi huna. Pia, mpaka wowote utakaotangazwa na wewe utakuwa wa mke wa kutoka Afrika anayemfungia mume mkono. Ukitangazwa na mumeo, au bora zaidi na kaka yake mkubwa au mama mkwe, utakuwa uamuzi wa nyumba. Mama mkwe anayekuja na bilum lililojaa anajua gharama ya kulisha watu. Sijui kwa nini hajaulizwa.

Uko pia uwezekano wa wewe na binti kwenda kukaa kijijini kipindi cha uchumaji wa kahawa, miezi ya katikati ya mwaka, mkiwa nyinyi ndio wageni. Utaona vitu vinavyoingia, si vinavyotoka tu. Lakini likizo itakatwa, matarajio juu yako yanaweza kuongezeka, na baadhi ya maeneo ya milimani hupata mapigano ya koo, kwa hiyo sikusukumi huko bila mumeo kukuhakikishia hali ilivyo.

Jambo la mwisho ninalotaka uliwaze ni safari ya Tanga yenyewe. Umeileta kwa mumeo kama akiba yenu wawili, na akiba ya watu wawili, mbele ya mahari ya ukoo, hushindwa. Lakini katika sehemu nyingi za nyanda za juu, ukoo wa baba unatambua kwamba una deni kwa watu wa mama wa mtoto, na huwatolea kitu kadiri mtoto anavyokua. Watu wa mama wa binti yako wako Makorora. Ikiwa kwa mumeo desturi hiyo ipo, basi kumpeleka mtoto kwa bibi yake na wajomba zake kunaweza kuwa jambo ambalo ukoo wa Simbu unapaswa kulisimamia, kama walivyosimamia posa, na kaka mkubwa anaweza kusimama na kulisemea kwa lugha ambayo hao wa ngazini wanaielewa. Lina hatari zake: wanaweza kukubali kwa maneno na fedha zisionekane, au wakachanga kweli kisha safari ikawa ya watu sita badala ya watatu. Na wajomba wa Tanga ninavyowajua, nao wataandaa orodha.

Kuhusu muda, ofisi yako ikiulizwa kwa heshima huenda ikakuongezea wiki chache, na wewe mwenyewe unajua kama huko kwenu hilo linaombeka. Ukilipata, tumia wiki hizo kwa daftari la mumeo kwanza, kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Kisha niandikie tena, hasa unieleze ni nani aliyelipa zile tiketi za wazee watatu.